Mtoto anakosea viambishi awali: dalili, sababu na namna ya kumsaidia

Madaftari ya imla ya Darasa la Tatu na la Nne yanafanana sana. Ukishasahihisha ya mwaka mmoja, ya mwaka unaofuata utayatambua bila kuangalia jina: a na soma, nimtoto, akuna, kiakula, myaka. Makosa ni mengi lakini aina zake ni chache, na nyingi zinakaa mwanzoni mwa neno, pale viambishi, yaani vipande vidogo kama a, na, ta na ku, vinapojipanga mbele ya mzizi, ile sehemu ya neno yenye maana ya msingi.

Nimeandika haya kwa mwalimu mwenzangu na kwa mzazi anayekaa na mwanawe jioni na daftari. Nimepanga kwa dalili. Tafuta kosa unaloliona, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi, kisha shuka.

Ila kabla hujatibu, pima. Msomee mtoto maneno kumi, kila moja ndani ya sentensi fupi: anasoma, hatakuja, ni mgonjwa, hajui, vyakula, miaka, muuguzi, sikukuona, hatujala, kwa sababu. Akimaliza, usimpe alama. Muulize kwa mdomo kila neno lina maana gani, halafu chora safu mbili: ameandika sawa, ameelewa. Safu ya pili ndiyo itakayokuongoza. Kiambishi ambacho mtoto hajui kazi yake atakiacha, atakitenga au atakiona cha ziada akifute. Akishajua kazi yake, tahajia hurekebika kwa muda mfupi kuliko unavyodhani.

Dalili: anatenganisha neno (a na soma, wata kuja, nita kupiga)

Sababu ya kwanza tumeitengeneza sisi wenyewe. Darasa la Kwanza tulimfundisha kusoma kwa silabi, tukaandika ubaoni a – na – so – ma na nafasi katikati, na hakuna aliyerudi kumwambia kwamba sasa nafasi zinaondoka. Ya pili ni mtaani. Mtoto anapita kila siku mbele ya kibao cha "Tuna uza barafu" na "Hapa ana takiwa fundi", na kwake maandishi ya kibao ni ya mtu mzima, kwa hiyo ni sahihi. Ya tatu ni ya ndani zaidi: anaijua "na" ya "Juma na Asha", ambayo kweli husimama peke yake, kwa hiyo anaipa nafasi yake kila anapoisikia.

Anza na lililo jepesi. Angalia mwandiko kwanza. Wapo watoto ambao hawatenganishi maneno. Wanaandika herufi kubwa zilizoachana. Mwambie asome kwa sauti alichoandika. Akisoma "anasoma" kwa pumzi moja, mpe daftari la mistari na umfundishe kubananisha herufi, basi.

Akisoma kwa vipande, tumia jaribio la kubadilisha. Mpe "ninasoma" aipeleke jana na kesho: nilisoma, nitasoma. Muulize, "na" imekwenda wapi? Imeondoka, nafasi yake imechukuliwa na "li" na "ta". Sasa mpe "Juma na Asha wanacheza" aipeleke jana na kesho. "Na" ya Juma na Asha haikusogea. Inayobadilika na wakati inashikamana na kitenzi. Isiyobadilika inasimama peke yake. Mtoto wa miaka tisa analielewa hili kwa dakika kumi, na atalitumia mwenyewe akikwama.

Kisha karatasi. Kata ukanda mwembamba, andika ANASOMA, ukunje mara tatu: mkunjo kati ya A na NA, mwingine kati ya NA na SO, na wa mwisho kati ya SO na MA ili ukanda utulie. Mtoto anaukunja na kuukunjua, anaona A ni nani, NA ni lini, SOMA ni nini. Ukanda haukatwi. Nilikuwa nikitumia kadi zilizokatwa vipande, na watoto wakawa wanaviandika vipande vile vile walivyoviona mezani. Tangu nihamie kwenye mkunjo, ujumbe ni mmoja: vipande vipo, lakini neno halijakatika.

Usimwambie mtoto kwamba kutenganisha ni ujinga. Lugha ndugu zetu zimechagua njia tofauti: Setswana huandika "Ke a go rata" kwa maneno manne, na isiZulu huandika "Ngiyakuthanda" kwa moja, na maana ni ile ile, nakupenda. Sisi tumechagua kushikamanisha. Ni utaratibu, na utaratibu hufundishwa.

Dalili: anaunganisha visivyounganishwa (nimtoto, sikweli, kwasababu)

Hii mara nyingi huja baada ya kutibu ile ya kwanza, mtoto akishasikia "unganisha" mara nyingi. Usiogope, ni hatua.

Jaribio ni ndugu wa lile la juu, safari hii badilisha nafsi. Ninasoma, unasoma, anasoma: "ni" imeondoka. Mimi ni mtoto, wewe ni mtoto, yeye ni mtoto: "ni" imebaki pale pale. Inayobaki inaandikwa peke yake. "Si" nayo ni hivyo hivyo. Sitaki, hutaki, hataki, inabadilika, basi inashikamana. Mimi si mwizi, wewe si mwizi, yeye si mwizi, haibadiliki, basi inasimama.

Mtego mmoja utakutana nao: "nina kitabu" inashikamana, lakini ukiipeleka jana inakuwa "nilikuwa na kitabu", na ile "na" inajitenga. Mtoto makini atakuuliza. Mkubalie kwamba ameona kitu cha kweli, umwonyeshe sentensi zote mbili ubaoni, umwambie hii tunaikariri. "Kwa sababu", "kwa hiyo" na "kwa nini" pia ni za kukariri, maneno mawili mawili. Ziandike kwenye karatasi kubwa ukutani.

Dalili: h inadondoka (akuna, ajui, atakuja badala ya hatakuja)

Hapa naomba tukae kidogo, maana katika makosa yote hili ndilo linalogeuza maana juu chini.

Mwaka mmoja niliita wazazi kwenye kikao. Mtoto anayeishi na bibi yake akaniletea karatasi aliyoiandika mwenyewe: "Bibi atakuja anaumwa mguu." Nikaisoma nikasema moyoni, bibi huyu ana moyo, anakuja na mguu wake unaouma. Nikamwekea kiti karibu na mlango asipate shida ya kutembea. Hakufika. Kesho yake nikamuuliza mtoto, akanitazama kwa mshangao: "Mwalimu, si nilikuandikia?" Alikuwa ameniandikia kweli. Herufi moja ilikuwa imebaki nyumbani.

Sababu ya kwanza ni matamshi ya pale mtoto alipokulia. Kama watu wanaomzunguka hawaitamki h, hajawahi kuisikia, na huwezi kumlaumu kwa kutoandika asichokisikia. Ya pili ni sisi: tunasoma imla haraka, na h ya mwanzo wa neno inamezwa na neno lililotangulia. Ya tatu, hajui kwamba "ha" ina kazi ya kukataa. Ya nne, kwa wachache, ni masikio, na nitaifikia mwishoni.

Kwanza jipime mwenyewe. Mwombe mwalimu mwingine akae nyuma ya darasa, usome "atakuja" na "hatakuja" kwa kuchanganya, yeye aandike anachosikia. Akikosea naye, tatizo liko mbele ya darasa.

Pili, fanya mchezo wa kusimama na kukaa. Ukisema "atakuja" wanasimama, ukisema "hatakuja" wanakaa. Usitumie kalamu bado. Anayechelewa na kuwatazama wenzake kabla ya kukaa ndiye unayemtafuta. Mwite pembeni, mwambie aweke kiganja mbele ya midomo yake aseme "a", kisha "ha". Pumzi ya h anaihisi kwenye kiganja hata kama sikio halijaizoea. Kwa wiki ya kwanza, mwache aandike imla huku mkono wa kushoto uko mdomoni, akinong'ona kila neno kabla ya kuliandika. Wenzake wasimcheke, wafanye wote.

Tatu, mwonyeshe kwamba ukanushi hauachi alama mwanzoni tu. Anajua, hajui: mwisho umegeuka kutoka a kwenda i. Amefika, hajafika: me imekuwa ja. Alifika, hakufika: li imekuwa ku. Kwa hiyo akiandika "ajui", ile i ya mwisho inamwambia kwamba mwanzoni kuna kitu kimepotea. Mfundishe kurudi nyuma: ukiona mwisho wa kukataa, kagua mwanzo. Lakini atafika na hatafika hazina msaada huo. Hapo ukanushi unabebwa na h peke yake, ndiyo maana barua ya bibi ilinipotosha. Kwa sababu hiyo mazoezi yangu ya h huanzia kwenye "ta": hatafika, hawatacheza, hatutakula.

Baada ya wiki mbili utaona "hanasoma" na "hasubuhi". Mtoto ameshajua h ni muhimu, sasa anaipachika kila mahali. Usirudi mwanzo. Muulize tu, "Huyu amekataa au amekubali?" Atajirekebisha.

Na kuna "hu". "Yeye husoma kila siku" ni mazoea. "Wewe husomi" ni kukataa. Mwanzo ni mmoja, mwisho unatofautisha. Wafanyie wakati wameshaizoea ile hila ya kukagua mwisho, wala si kabla.

Dalili: umbo la kiambishi linakosewa (mutoto, mualimu, kiakula, vyatu, myaka)

Sababu kubwa ni kwamba kiambishi kinabadilika sura kikikutana na irabu, na mtoto ama hajaambiwa ama ameambiwa nusu.

Kwa "m" kuna utaratibu unaofundishika. Mbele ya konsonanti ni m tupu: mtoto, mgeni, mlango. Mbele ya a, e na i ni mw: mwalimu, mwembe, mwizi. Mbele ya u ni mu: muuguzi, muuzaji. Mbele ya o usiweke sheria, maana tuna moyo na moto upande mmoja na mwoga upande mwingine, wakariri.

Kwa "ki" na "vi" nimeshaacha kuwapa watoto kanuni. Chakula kina ch, kiazi kina ki, na vyote viwili mbele yake kuna a. Badala yake nafundisha kwa jozi, umoja na wingi pamoja, kila siku jozi tano: chakula vyakula, chumba vyumba, chombo vyombo, kiatu viatu, kiongozi viongozi. Baada ya siku chache mtoto mwenyewe anagundua kwamba ch hutembea na vy, na ki hutembea na vi. Akishagundua, "vyatu" inakufa yenyewe: umoja wake ni kiatu, basi wingi ni viatu.

"Myaka" hutibika namna hiyo hiyo. Mwaka miaka, mwezi miezi, mwembe miembe. Kwenye wingi huu mi haigeuki.

"Kamba nrefu" utaikuta pia. Ni ndefu. Hapa n imeigusa r ikaigeuza d, kama ulimi unavyokuwa ndimi. Mwambie mtoto ajaribu kutamka "nrefu" haraka mara tano. Ulimi wake utamfikisha kwenye d wenyewe.

Dalili: anasoma bila kusita lakini haelewi, au anafuta silabi akidhani imerudiwa

Niliandika ubaoni "Sikukuona jana sokoni". Msichana mmoja, mwandishi mzuri kabisa, akainakili "Sikuona jana sokoni". Nilipomuuliza akasema, "Mwalimu uliandika ku mara mbili, nikakusahihishia." Alifanya kwa nia njema, na sentensi yake ni Kiswahili safi. Ila sasa haina mtu. Mimi nilisema sikumwona yeye. Yeye aliandika kwamba sikuona kitu.

Sababu ya kawaida ni kwamba "ku" ina kazi nyingi na mtoto anaijua moja tu, ile ya kusoma na kuandika. Nyingine ni kwamba hajazoea kiambishi cha mtendwa, kile kinachokaa karibu kabisa na mzizi.

Tiba ni maswali, kwa mpangilio ule ule kila siku: Nani? Amekubali au amekataa? Lini? Kitendo kimempata nani? Kitendo gani? Weka ukanda wa SIKUKUONA. Si: ni mimi, na nimekataa. Ku ya kwanza: wakati uliopita. Ku ya pili: wewe. Ona: kitendo. Kila ku ina kazi yake, hakuna iliyorudiwa.

Wakiiweza hiyo, wape HAKUKUKUTA. Wataguna, kisha wataanza kubishana, na mabishano hayo ndiyo somo lenyewe. "Alikuja nyumbani hakukukuta." Ku tatu mfululizo: ya kwanza wakati, ya pili wewe, ya tatu wala si kiambishi, ni ya neno lenyewe, kuta. Nimewahi kutumia kipindi kizima kwa neno hili moja, na sikuona kama nimepoteza muda.

Ukiona anajibu "Nani?" lakini anakwama kila mara kwenye "kimempata nani?", rudi kwenye maneno mafupi na vitendo vya kweli. Mpe kalamu: "Nimekupa." Mpe mwenzake: "Nimempa." Wape wote: "Nimewapa." Mkono unapotembea, m na wa na ku zinapata watu.

Dalili: sijakula, hajakuja

Haraka tu. Vitenzi vya silabi moja kama la, nywa, ja na fa hubeba "ku" katika anakula, alikula, amekula, atakula, na huiacha katika sijala, hajaja, akila. Mtoto anaandika "sijakula" kwa sababu ndivyo anavyosikia nyumbani, hata kwa watu wazima, kwa hiyo usimwambie kwamba mama yake anakosea. Mwambie: kwenye daftari na kwenye mtihani tunaandika sijala. Mpe tatu za kukariri kwa mdomo, sijala, sijanywa, hajaja, uendelee na mengine.

Dalili: hapati neno kwenye kamusi

Anatafuta "wanakimbia" kwenye W, anakata tamaa. Sababu ni kwamba hajui kamusi inapanga vipi: nomino hukaa na kiambishi chake cha umoja, kitabu kwenye K na mtoto kwenye M, lakini kitenzi na kivumishi huwekwa bila viambishi vya mbele. Wanakimbia iko kwenye kimbia. Warefu iko kwenye refu.

Mfundishe kumenya neno. Shida inayofuata ni kumenya kupita kiasi: anatoa "ki" kwenye kimbia akabaki na "mbia", anatoa "li" kwenye lima akabaki na "ma". Dawa yake ni amri. Mwambie amwamuru mwenzake afanye kitendo hicho kwa neno moja. Kimbia! Lima! Soma! Kinachobaki kwenye amri ndicho cha kutafuta. Yapo yanayokataa, kama njoo, nenda na lete, tena kula na kunywa huja na ku yake, lakini ni machache na watoto hufurahi kuyawinda.

Wapi uache mazoezi umtafute mtaalamu

Fanya mazoezi haya dakika kumi na tano kila siku kwa muhula mmoja. Wengi watabadilika ndani ya wiki chache. Mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza Kiswahili, nyumbani wakizungumza lugha nyingine, mpe muda mrefu zaidi; hana ugonjwa wowote. Fimbo haina kazi hapa hata kidogo. Mtoto anayeogopa huandika maneno machache na mafupi ili asikosee, na wewe unabaki bila cha kupima.

Lakini simama mara moja ukiona haya:

Anadondosha sauti nyingine pia, kama s na f, anageuza sikio moja unapozungumza, anaomba urudie kila mara, au sikio linatoa usaha. Apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio. Usimwekee mafuta wala dawa ya kubahatisha.

Anasogeza daftari karibu na pua, anakodoa macho kutazama ubao, au anaumwa kichwa kila akisoma. Apimwe macho kabla ya kitu kingine.

Anazungumza vizuri, ana akili ya kujibu maswali kwa mdomo, lakini baada ya muhula mzima wa kazi ya kila siku bado hashiki silabi nyepesi kama ba na da, na alichokisoma jana leo ni kigeni. Huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili. Mwalimu wa kawaida hawezi kuithibitisha, na tusijaribu kumpa mtoto jina hilo wenyewe. Mwone mwalimu mwenye taaluma ya elimu maalumu, au afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu.

Alikuwa anaandika vizuri, ghafla hawezi, hasa baada ya homa kali, degedege au kuumia kichwa. Huyo ni wa hospitali, siku hiyo hiyo.

Unapomwandikia mtaalamu, usiandike tu kwamba mtoto "hajui kuandika". Ambatanisha ile karatasi ya maneno kumi ya siku ya kwanza na nyingine ya juzi, zote zikiwa na tarehe na mwandiko wake mwenyewe, makosa yakiwa hayajafutwa.